Naomba ushauri: sauti ya simu haiendi kwenye hedifoni za Bluetooth

Wakuu, habari za kazi. Natengeneza programu ya kupiga simu kwa intaneti kwenye Android. Muziki unasikika vizuri kwenye hedifoni, lakini simu ikipokelewa tu, sauti inahamia spika na daladala zima linasikiliza. Wateja wangu wengi ni mafundi, mikono imeshika kazi, kwa hiyo jambo hili linaniumiza kichwa kweli.

Kuanzia Android 12 natumia amri ya setCommunicationDevice kuchagua kifaa cha kupitishia sauti ya simu, matoleo ya nyuma natumia startBluetoothSco. Ruhusa ya BLUETOOTH_CONNECT ipo, modi ya sauti ni MODE_IN_COMMUNICATION, yaani ya maongezi. Kwenye Bluetooth, muziki hupita njia iitwayo A2DP, maongezi hupita njia nyingine iitwayo SCO, na SCO huchelewa kidogo kuunganika. Nahisi tatizo liko hapo. Je, nisubiri iunganike ndipo nifungue maikrofoni? Na mtu akiwasha hedifoni katikati ya maongezi, mnafanyaje?