Mafundi umeme wa magari Mtwara na Lindi, acheni kutuuzia spea kwa kubahatisha!

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika kwa hasira na sina mpango wa kulainisha maneno. Gari ya zamani ikipata tatizo la umeme la kuja na kuondoka, huku kwetu hukumu inajulikana kabla boneti haijafunguliwa. "Betri imekufa, bosi." Unanunua betri, tatizo linarudi. "Basi altaneta." Unanunua altaneta (mtambo unaochaji betri) ya mtumba isiyo na dhamana, tatizo linarudi. Mwisho unaambiwa kontrol boksi (kompyuta ya injini), iagizwe Dar ije na basi. Hela imekwisha, gari bado inazima Mingoyo, na muda wote huo hakuna aliyeshika mita akapima kitu. Huu ni wizi hata kama fundi mwenyewe anaamini anafanya kazi.

Tuanze na betri kwa kuwa ndiyo wanayoikimbilia. Iliyojaa na kupumzika usiku inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.4 imeshuka mpaka kama robo tatu, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Na fikirini wenyewe: gari inazima ikipata joto, inakaa kivulini nusu saa, kisha stata inapiga kwa nguvu zote na injini inawaka. Betri mbovu inahusikaje hapo?

Sisi tunaishi pwani. Gari inalala Shangani au Mikindani ikipulizwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, kisha inapelekwa Newala au Nachingwea kutikiswa kwenye vumbi. Chumvi na mtikisiko, hivyo viwili ndivyo vinavyoua viungio, na kiungio cha kwanza kufa ni ethi (waya unaounganisha hasi ya betri na injini na bodi). Kwa hiyo fundi aliyesoma kazi yake anaanza hapo, haanzi dukani.

Ethi haipimwi kwa macho, wala kwa kipimo cha mlio cha mita. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, nyeusi iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, siyo klempu. Mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.2, ethi ya injini ni mbovu. Rudia kati ya hasi ya betri na bodi, taa kubwa, feni na waipa zikiwa zimewashwa. Hapo pia isizidi 0.2. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka boliti nene ya stata, stata ikizunguka, isizidi 0.5. Ikizidi, fungua kiungio, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, ondoa na rangi ya bodi iliyo chini yake, kaza, halafu ndipo upake grisi juu kuzuia chumvi. Waya wa ethi ukiwa umeoza, weka mpya wa milimita za mraba 25 wenye vichwa vilivyobanwa kwa koleo lake. Msifunge waya wa spika mkasema mmerekebisha ethi!

Sasa jambo linalowapoteza hata mafundi wenye mita. Chubua waya uliokaa na chumvi miaka mingi, hasa karibu na kichwa cha betri. Ndani shaba imegeuka nyeusi yenye unga wa kijani, nyuzi zinakatika ukizikunja kwa kidole. Waya wa namna hiyo ukibakiwa na uzi mmoja tu mzima, mita bado itasoma volti 12.5, kwa kuwa mita haivuti moto, yaani umeme. Fundi anasema "moto unafika", anahamia kwenye spea. Chukua balbu ya taa kubwa, H4, unganisha mwisho wa waya huo na ethi safi. Balbu hiyo inavuta kama ampea 5. Waya mzima utaiwasha nyeupe, waya uliooza utaiwasha nyekundu hafifu au isiwake kabisa. Ila hii ifanyeni kwenye waya nene za moto na za rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) tu. Waya za sensa na za kontrol boksi msiziguse na balbu, mtaunguza boksi kweli.

Gari kuzima ikipata joto. Toyota nyingi za miaka ya 90 zenye distribyuta (kigawa cheche), kuanzia Corolla 110, Carina, mpaka Noah za injini 3S, zina kasha dogo chini ya boneti lililoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa: mara moja, kituo, kisha mara mbili ni namba 12. Namba 12 au 13 maana yake ishara ya mzunguko wa injini inapotea. Namba 14, ishara ya ignaita (kifaa kinachoamrisha koili itoe cheche) hairudi. Ikipepesa haraka haraka bila kusimama, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Haihitaji mashine ya gharama. Lakini namba haisemi "nunua ignaita". Inasema saketi hiyo ina shida, na waya wake umo ndani ya saketi hiyo. Pasha moto kifaa kwa draya ya saluni, tikisa plagi yake injini ikiwa inanguruma. Ikizima ulipotikisa, umelipata bila kununua kitu.

Gari ikigoma njiani, tazameni kwanza taa ya injini swichi ikiwa imewashwa. Isipowaka kabisa, mara nyingi kontrol boksi haipati moto: kagueni swichi ya funguo, fyuzi iliyoandikwa EFI na rilei yake kuu. Wenye Honda za miaka ya 90, rilei kuu iliyo ndani ya gari hupasuka risasi ya kulehemu kwenye viungio vyake, joto likizidi inakata mafuta. Inafunguliwa, inalehemiwa upya, basi.

Na alamu! Alamu nyingi zilizofungwa mtaani zimekata waya wa swichi au wa pampu na kupitisha kwenye rilei ya bei rahisi, viungio vimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Tepu inalegea kwa joto la dashibodi, gari inazima. Fungueni kava ya chini ya usukani kabla ya kufikiria kontrol boksi.

Altaneta ipimwe injini ikiwa juu kidogo ya sailensa (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta): volti 13.8 mpaka 14.5, taa zikiwaka au zikiwa zimezimwa. Geuza mita kwenye AC, ikizidi 0.5 dayodi zake (zinazogeuza AC kuwa DC) zimekufa. Taa ya chaji ikija na kuondoka, na ukiigonga altaneta chaji inarudi, ni kaboni (vipande vinavyosugua ndani yake) zimeisha. Kaboni zinauzwa peke yake. Kumuuzia mtu altaneta nzima kwa sababu ya kaboni ni dhuluma.

Kosa linalonikera kuliko yote: fyuzi ya ampea 10 inaungua kila mara, fundi anaweka ya 30. Sasa kinachoungua ni fungu zima la waya, na gari inaweza kuteketea na watu ndani. Toa fyuzi, weka balbu ya wati 21 mahali pake. Shoti ikiwepo balbu itawaka kwa nguvu. Tikisa waya kipande kwa kipande. Pale balbu inapobadilika ghafla ndipo shoti ilipo.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kuhusu Noah ambayo taa za nyuma na za dashibodi zinakufa pamoja, ukibadilisha fyuzi zinarudi kwa muda. Fyuzi ya TAIL kwa kawaida inalisha zote mbili pamoja na taa za namba. Vuta ule mpira unaopitisha waya kutoka bodi kwenda mlango wa nyuma, waya huchubuka na kukatika humo kwa kufungua na kufunga, ukigusa bodi fyuzi inaungua. Unga kwa waya laini wa nyuzi nyingi, lehemu kwa risasi, viungio vikae nje ya sehemu inayokunjwa na visilingane mahali. Usisokote na tepu, utarudi hapa kuuliza tena.