B.B. King, Mwenda au Hendrix: nani wa kumfuata ukiwa bado unajifunza gitaa?

KidoleGumba:
Wakuu, heshima kwenu. Huu mwaka wa pili nakung'uta gitaa kavu. Kodi za wazi (noti kadhaa kwa pamoja, nyuzi nyingine zikiachwa bila kubanwa) nazimudu, ila kodi ya F bado inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ugonjwa wangu ni kwamba kila wiki nina shujaa mpya: leo natafuta solo ya huyu, kesho ya yule, mwisho wa mwezi sina wimbo hata mmoja uliokamilika. Nataka mtu mmoja wa kukaa naye miezi sita. Nimebaki na B.B. King, yule wa blues, kwa sababu noti zake ni chache. Mwenda Jean Bosco wa Kongo, kwa sababu gitaa lake moja linasikika kama mawili. Na Jimi Hendrix wa roki, kwa sababu ni Hendrix. Siulizi nani bora duniani, vita hiyo ipigwe kwingine. Nauliza nani aliyewasaidia ninyi wa ridhaa.

NyuziSita:
B.B., bila kupepesa macho. Mwenyewe alikiri kwamba kodi si fani yake. Anaimba, ananyamaza, gitaa linamjibu. Alikuwa akiitamani ile sauti ya kuteleza ya binamu yake Bukka White, na kwa kuwa hakuiweza, akaitafuta kwa kutetemesha uzi kwa kidole. Jaribu hivi: kidole cha shahada kwenye uzi wa pili, gumba liachie shingo kabisa, kisha tikisa kiganja chote kama unayepunga nzi. Mimi nilikaa na noti moja wiki sita. Nyumbani waliniuliza kama gitaa limeharibika.

MamaRizimu:
NyuziSita, kaka yangu, umesahau kitu. B.B. alikuwa na bendi nzima nyuma yake. Huyu mwenzetu yuko peke yake na gitaa kavu. Zile noti chache bila besi wala ngoma zinageuka mtu anayejaribu kengele ya mlango.

Mwenda ndiye wa mtu mpweke. Msikilize alivyorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952: gumba la mkono wa kulia linashika besi, kidole cha shahada kinatembea na melodi, basi. Vidole viwili! Na nyimbo nyingi kaimba Kiswahili, kwa hiyo unajua sentensi inaishia wapi na gitaa linapumua wapi.

Mdogo wangu, usianze na melodi. Shika kodi ya C, wiki nzima iwe gumba tu: uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, mpaka uweze kuongea na mtu huku linaendelea. Ndipo umwongeze cha shahada. Gumba litasimama kila mara cha shahada kikigusa uzi. Kazi yote iko hapo, hakuna njia ya mkato.

Mashoto:
Mimi ni Hendrix, na sababu yangu si solo. Mwalimu wangu wa kwanza alinilazimisha kupiga kwa mkono wa kulia, nikakaribia kuacha. Kisha nikaona picha ya Hendrix kageuza Stratocaster, gitaa la umeme, ya watu wa mkono wa kulia, kapanga nyuzi upya ili ule mnene ubaki juu. Nikageuza langu usiku uleule.

Lakini kumfuata kwa vidole ni habari nyingine. Anakandamiza besi kwa gumba linalopita juu ya shingo, na mkono wake ulikuwa mkubwa. Wangu ni mdogo, kifundo kiliuma mpaka nikaacha kwa muda. Halafu rekodi zake nyingi ziko nusu toni chini. Nilihangaika nikidhani sikio langu bovu, kumbe sikutuni kama yeye.

SebeneTaratibu:
Mmewaacha wakubwa wa Kongo nje. Docteur Nico ni wa kusikiliza ukiwa umekaa, ile solo inatiririka safi, unaishia kutikisa kichwa. Kwa kujifunza, chukua Franco. Kwenye sebene, pale gitaa linapotawala wimbo, anashika kifungu kimoja na kukizungusha tena na tena, kwa hiyo ukikikosa mara ya kwanza kinarudi. Ila tafuta mwenzako wa rizimu, peke yako utachoka.

FretiYaKumi:
Kuhusu F. Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz, aliungua mwaka 1928, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaharibika, solo akazipiga kwa viwili vilivyobaki. Mwaka 1965 Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath ambaye ni mashoto, akakatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani. Alikuwa amekata tamaa mpaka meneja wake wa kiwandani alipomwekea santuri ya Django, kisha akamweleza anayepiga ni nani. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyepesi.

Watu huisimulia kama mahubiri. Mimi nilichukua zile nyuzi nyepesi tu. Nilitoa nyuzi nene za namba 12 nikafunga nyembamba za namba 10, na F ambayo ilinitesa mwaka mzima ikatoka siku ya tatu. Shujaa anakufaa ukiiba kitu kimoja kwake, hata kama muziki wake huupigi.

KidoleGumba:
Wakuu, nimerudi. Namba 10 zimefungwa. F inatoka, ila uzi wa pili bado bubu. B.B. nimemweka akiba mpaka nipate wa kunipigia besi. Nimeanza na Mwenda, siku ya nne ya gumba leo. Dada MamaRizimu, nilijaribu kuongea na mdogo wangu huku napiga. Kaniuliza chakula kiko wapi, nikafungua mdomo, gumba likasimama.

MamaRizimu:
Wiki hii mjibu "ndiyo" na "hapana" tu. Chakula atakitafuta mwenyewe.