Sote wawili AS: tunachagua kiinitete, na jinsia nayo tuchague?

Mama Wete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie na mume wangu ni watoto wa ndugu, tumepimwa sote tuna AS, yaani tumebeba kinasaba kimoja cha sikoseli bila ya kuumwa. Mtoto wetu ana sikoseli, yuko skuli darasa la pili. Akishikwa na viungo usiku hatulali, na damu keshaongezewa mara nyingi. Kaka yangu aliyeko Maskati kajitolea kutulipia tukapandikize mimba huko nje: mbegu zetu wenyewe, viinitete, yaani mimba changa kabisa, vipimwe kabla ya kutiwa tumboni, kirudishwe kisicho na SS, yaani ugonjwa wenyewe. Hilo nimeridhika nalo. Lakini kliniki imetuandikia kwamba maadamu wanapima, jinsia pia watatuchagulia tukitaka. Mavyaa kasikia, sasa nyumba nzima inasema dume. Mume wangu kanyamaza, na mie namjua akinyamaza. Inafaa? Na mwanangu akija kuniuliza, "Mie mngeniacha?" nimjibu nini?

Muuguzi Chake: Pole dada. Kwa wazazi AS wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na huyo wa kwanza kuumwa hakumpunguzii hatari wa pili. Vipimo hivi vina umri: viinitete vilipimwa London mwaka 1990, na hao wa mwanzo walichaguliwa jinsia hasa, kwa sababu familia zao zilikuwa na maradhi yanayowashika watoto wa kiume. Kwenu ni mbali na hivyo. Sikoseli haibagui mume wala mke. Jambo moja nakusihi: msikatae kiinitete cha AS mkang'ang'ania AA, kisichobeba sikoseli kabisa. AS ni mtoto mzima, tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison alilionesha hilo hapa hapa Afrika Mashariki, mwaka 1954. Mkivitupa hivyo mtakuwa hamkimbii ugonjwa tena, mnatafuta mtoto wa kuagiza. Na mimba haishiki kila mara, fedha msizimalize safari ya kwanza.

Ustadh Mkoani: Mbegu za mume na mke ndani ya ndoa, Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la wanazuoni wa Kiislamu, ilishapitisha mwaka 1986 kule Amman, mradi asiingie mtu wa tatu. Kuchagua jinsia bila ya maradhi, wanazuoni wengi wamekataza. Soma Suratu Shura aya ya 49: Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, na humpa amtakaye wa kiume. Wa kike ndio waliotangulizwa. Mavyaa asomewe.

Yakhe Darajani: Mie sioni kosa. Fedha yao, mimba yao. Hawamuui mtu.

Muuguzi Chake: Yakhe, mtoto hajaulizwa. Mwaka 2018 He Jiankui wa China alibadili vinasaba vya mapacha ati wasipate Ukimwi, na akafungwa miaka mitatu. Kupima si kubadili, najua, lakini akishazaliwa kwa sababu ya udume wake, atadaiwa udume huo maisha yake yote.

Bi SS: Mie ndiye huyo mwanao, nimekua, nina watoto. Mwambie tuliyakataa maumivu, wewe hatukukukataa. Ila atakuamini akikuona unamhangaikia yeye kama unavyomhangaikia huyo ajaye. Anatumia haidroksiyurea? Mie imenipunguzia maumivu sana. Fedha ya kaka isiishe yote kwenye safari.

Mama Wete: Ahsanteni mno. Hiyo dawa hatujawahi kuandikiwa, kesho namuuliza daktari. Kaka nimeshamwambia awajibu kliniki kwamba jinsia hatuitaki. Mume wangu nitamsomesha majibu haya akitoka baharini, sijui atasemaje. Dada muuguzi, viinitete vizima vinavyobaki huwa vinagandishwa. Mie na mume tukija kutokubaliana juu yake, nani mwenye amri navyo?

Muuguzi Chake: Hilo liulizeni kabla ya kutia saini. Kila nchi ina sheria yake, na fomu huwa ina sehemu ya hilo: akifa mmoja, mkiachana, mkikaa muda bila ya kuvirudia. Isomeni pamoja, wewe na yeye, kaka asiwajazie.