Petroli au mafuta ya mimea: ipi inachafua hewa kidogo?

Mwana_Kidatu: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu karudi kutoka chuo, ananiambia ethanoli ya miwa, ile spiriti inayochomwa kwenye injini badala ya petroli, haiongezi hewa ukaa kwa sababu mua unaivuta tena ukikua. Mimi nakaa jirani na mashamba ya miwa. Yakichomwa kabla ya kukata, masizi yanatua mpaka kwenye nguo nilizoanika. Hiyo hesabu yake imekaaje?

FundiBomba: Mkuu, kijana hajakosea sana. Lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, iliyokuwa imezikwa ardhini mamilioni ya miaka. Lita ya ethanoli ni kama kilo 1.5, na mua uliivuta juzi tu. Lakini nguvu yake ni kama theluthi mbili ya petroli, utaenda kujaza tangi mapema. Kwa kilometa ileile, kwenye bomba la moshi zinakaribia kulingana. Tofauti katafute shambani.

Shangazi_Malindi: Shambani ndiko kwenyewe! Huku kwetu Kenya walitaka kufyeka msitu wa Dakatcha wapande mbono (jatropha), mbegu zake zikamuliwe mafuta ya injini. Utafiti uliotoka 2011 ukaonyesha mafuta hayo yangetoa gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, mara 2.5 hadi 6 kuliko yale ya kuchimbwa. Nimeingia msitu ule. Chini ya miti ya mirihi unakanyaga majani yaliyooza. Kaboni yote hiyo ukiifukuza siku moja, mbono gani utakuja kuilipa?

Mdau_Iowa: Huku Marekani ethanoli ni ya mahindi, na petroli karibu yote imechanganywa asilimia 10. Mahindi yanakula mbolea ya naitrojeni, kisha udongo unatoa naitrasi oksaidi. Kilo yake moja inapasha dunia joto kama kilo 270 hivi za hewa ukaa. Wizara ya kilimo ya Marekani ilisema 2019 kwamba gesijoto za ethanoli hii ni pungufu kwa asilimia 39 kuliko za petroli. Mtafiti Tyler Lark na wenzake wakaja 2022 wakasema si pungufu, na huenda inaizidi petroli kwa asilimia 24 au zaidi. Ugomvi mkubwa uko kwenye ardhi mpya iliyolimwa kwa sababu ya soko hilo. Mimi niko upande wa Lark, kwa sababu nyasi zilizopinduliwa ni hasara ya kweli.

FundiBomba: Ndiyo maana mimi naisifu molasi. Malawi wanachanganya ethanoli ya molasi tangu 1982, kiwanda cha kwanza kiko Dwangwa. Miwa ililimwa kwa ajili ya sukari, molasi ni masalia, na makapi ya miwa yanaweza kuchemsha boila. Hapo petroli imeshindwa.

Mwana_Kidatu: Ahsanteni sana. Na ule moto je?

Shangazi_Malindi: Hewa ukaa ya yale majani mua wa msimu ujao utaivuta, kaka. Methani na masizi hauvuti. Jimbo la São Paulo kule Brazili lilitunga sheria 2002 ya kuacha uchomaji hatua kwa hatua, sasa wanavuna kwa mashine.

Mwana_Kidatu: Basi wakichoma tena namchukua kijana twende tukasimame pale pembeni ya shamba.