RF imepanda, anti-CCP hasi, na mama ana baridi yabisi: majibu haya yasomwe vipi?

msomaji_vipimo
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mwanamke wa miaka 34, anavuta sigara, mama yake mzazi ana baridi yabisi. Vidole vinamuuma mara moja moja lakini havijavimba. Majibu: RF (rheumatoid factor) 31 (kikomo cha juu cha maabara ni 14), anti-CCP (kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini) hasi, CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) ya kawaida. Je, ugonjwa umeshaanza? Apime jeni? Na kuna la kufanya sasa hivi?

jicho_la_maabara
Kwa majibu haya peke yake, hapana. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vya kuainisha baridi yabisi hakuna kuhesabu alama kabla ya kuonekana angalau kiungo kimoja kilichovimba ambacho hakielezeki kwa sababu nyingine. Kikishakuwepo, RF au anti-CCP iliyopita kikomo lakini haijazidi mara tatu yake hupewa alama 2, na iliyozidi mara tatu alama 3. Zinatakiwa 6 kati ya 10. Yeye yuko mara mbili na kidogo, yaani kundi la chini.

Usilinganishe namba za anti-CCP za maabara mbili, kwa sababu vitendanishi vinatofautiana. Linganisha ni mara ngapi ya kikomo cha maabara husika.

Halafu RF ni kingamwili inayonasa mkia wa kingamwili nyingine, IgG. Mwili huitengeneza kila kinga inaposhughulishwa kwa muda mrefu: homa ya ini C, maambukizi ya vali za moyo, ugonjwa wa Sjögren, hata uzee. Sigara nayo huipandisha kwa mtu asiye na baridi yabisi. Kwa hiyo aulizwe kama macho na mdomo vinakauka, na apimwe homa ya ini C. Anti-CCP ingekuwa chanya ningeongea tofauti kabisa: hiyo ni mahususi zaidi kwa baridi yabisi, na huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuvimba.

vinasaba
Kupima jeni sishauri. Jeni yenye uzito mkubwa ni HLA-DRB1. Baadhi ya aina zake zina mfuatano unaofanana wa asidi amino kwenye nafasi ya 70 hadi 74, pale protini zinaposhikwa ili kuonyeshwa kwa seli T (seli za kinga). Watu wengi wanao mfuatano huo na hawaugui maisha yao yote. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiwa na ugonjwa, mwenzake huupata kwa takriban 15 tu kati ya 100.

Isitoshe, mfuatano huo umefungamana zaidi na baridi yabisi yenye anti-CCP. Kwa mtu ambaye anti-CCP ni hasi, jibu la jeni halitabadilisha uamuzi wowote. Pia badiliko la PTPN22, jeni nyingine ya kinga, linalotajwa sana kwa watu wenye asili ya Ulaya, ni nadra kwa Waafrika, kwa hiyo vipimo vilivyojengwa kwa takwimu za Ulaya vinaweza kumpotosha.

kiungo_imara
La kufanya lipo, na la kwanza ni sigara. Moshi huchochea vimeng'enya vya PAD kwenye mapafu, vinageuza ajinini (asidi amino) ndani ya protini kuwa sitrulini, protini inabadilika chaji, na kinga inaanza kuiona ngeni. Utafiti wa Sweden wa 2006 ulikuta wavutaji wenye nakala mbili za mfuatano aliousema vinasaba wana hatari mara 21 ya kupata ugonjwa wenye anti-CCP, wakilinganishwa na wasiovuta wasio na nakala hata moja. Aache leo, maana hatari hushuka polepole mno, kwa miaka mingi. Akija kuugua huku anavuta, methotrexate, dawa kuu ya ugonjwa huu, nayo hufanya kazi vibaya zaidi.

Baada ya hapo: atibiwe fizi zinazotoka damu (bakteria Porphyromonas gingivalis ana kimeng'enya chake cha PAD), apunguze uzito kama umezidi, na avae barakoa ya kuchuja vumbi kama kazi yake ni ya kukata mawe au saruji.

msomaji_vipimo
Asanteni sana. RF irudiwe kila baada ya miezi mitatu?

kiungo_imara
Hapana, namba itampa hofu bure. Aangalie viungo: mashina ya vidole vya mikono na miguu, na vifundo vya mikono. Abane mkono kwa upande kwenye mashina ya vidole. Maumivu makali hapo ni dalili. Viungo kukaza asubuhi kwa dakika 30 au zaidi ni nyingine. Maumivu ya viungo vilivyo karibu na kucha mara nyingi hayatokani na ugonjwa huu.

Uvimbe ukitokea aupige picha, kwa sababu unaweza kupotea siku ya miadi, na aonwe na mtaalamu wa viungo ndani ya wiki 6. Hapo ndipo anti-CCP irudiwe. Asichomwe wala kumeza steroidi kabla ya kuonwa: uvimbe hunywea na daktari hakuti kitu cha kupima.