Aliyeinua begi la mwanangu kwa kidole kimoja mbele ya foleni nzima, Mungu anamwona

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mvumilie tu. Ndo nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule anayekaaga kwenye meza ya kukagua vifaa kila shule zinapofunguliwa, kalamu nyekundu sikioni, orodha mkononi, miwani imeshuka puani, anakuangalia kwa juu ya miwani utadhani umekuja kuomba uraia. Kila mzazi aliyewahi kusimama foleni ile anamjua, na kama humjui basi mtoto wako bado ananyonya, subiri zamu yako.

Sasa sikilizeni. Mimi nilijiandaa. Narudia, NILIJIANDAA. Madaftari yote yamekavaliwa na nailoni juu yake, jina kila mahali, mpaka kwenye rula nimeandika jina, mpaka kwenye raba nimeandika jina na raba yenyewe ndogo hivyo herufi ya mwisho imeishia ubavuni. Penseli zimechongwa. Sare imepigwa pasi mpaka mtoto alikuwa anaogopa kukaa. Soksi pea kwa pea. Mkebe una kila kitu, bikari, kipimapembe, mpaka zile pembetatu mbili za plastiki ambazo tangu nizaliwe sijaona binadamu akizitumia zaidi ya kuchapana nazo.

Nafika mezani natabasamu. Si nna kila kitu? Sasa yule hakufungua hata zipu. HAKUFUNGUA. Hakuangalia daftari hata moja. Akaingiza kidole kwenye kile kishikio cha begi, kidole kimoja, na sio hata hiki cha shahada, hiki cha mwishooo kidogo, akaliinua juu kama ameokota panya aliyekufa kwa mkia, akaligeuza huku, akaligeuza kule, foleni nzima inaangalia, halafu akasema, tena kwa sauti:

"Mama, hili begi la mtoto au la babu yake?"

Foleni ikacheka. Watu wazima na akili zao wakacheka. Kuna baba mmoja alicheka mpaka akakohoa akapigwa mgongoni. Na mwanangu naye akacheka! Mwanangu wa kumzaa mwenyewe! Niliyekuwa nakavaa madaftari yake usiku wa manane!

Begi lile ni la dada yake, zipu nimebadilisha, mikanda imeshonwa upya, limefuliwa limeanikwa limekauka, lina miaka mingi ya kuishi kuliko hayo yenu mapya yenye vikatuni ambayo wiki ya pili tu zipu imetoka meno. Begi kazi yake ni kubeba. Sina la kuongeza.

Ila kidole kimoja jamani. Kidogo kile cha mwisho. Angetumia hata viwili ningesema sawa.

Tiririkeni.

Napita_Tu:
Siti ya mbele nimekaa. Hapa siondoki.

Mzee wa Orodha:
Uzi bila picha ni batili. Weka picha ya begi tuhukumu kwa haki.

Kichongeo Butu:
Swali dogo kabla hatujamlaani mtu. Ni la babu yake au sio la babu yake?

Mleta uzi:
Ni la DADA YAKE, nimeandika pale juu, soma kabla ya kuandika.

Kichongeo Butu:
Sawa mama, usikasirike. Na huyo dada yake alilipata kwa nani?

Mleta uzi:
Kwa shangazi yao. Na shangazi sio babu.

Kichongeo Butu:
Mimi nimemaliza maswali mheshimiwa hakimu.

Foleni Ndefu:
Hahahaaa nimecheka kwenye usafiri watu wananiangalia. Mama pole, ila nilikuwepo kwenye foleni na naomba niseme ukweli, lile begi lilikuwa linajibeba lenyewe. Yule baba aliyekohoa ni mimi.

Mleta uzi:
Ni WEWE? Na nilikupisha mbele kwa sababu ulisema unawahi kazini!!!

Mama Pacha:
Mwacheni mwenzenu. Huyo mtu mimi nina kesi yake ya siku nyingi. Msimu uliopita orodha ilisema penseli HB, mimi nikapeleka 2B maana ndizo nilizozikuta. Akazishika, akazinusa (KAZINUSA wallahi), akasema "mama umeleta penseli za wasanii". Akanirudisha foleni inaanza upya. Na nina pacha, kwa hiyo nilirudishwa mara mbili kwa kosa moja.

Mzee wa Orodha:
2B si ni ngumu sana ndo maana?

Mama Pacha:
We nawe. B ni laini, inaandika nyeusi, inachafua mkono. H ndo ngumu, unaandika halafu unatafuta ulichoandika kwa tochi. HB ipo katikati. Nimeyajua haya kwa hasira, baada ya kurudishwa.

Raba Nyeupe:
Mimi nauliza kingine kuhusu penseli, kwa nini mtoto wangu akianza kuchonga inakatika, anachonga inakatika, anachonga inakatika, mpaka kinabaki kipande cha kushika na kucha? Nimebadilisha vichongeo mpaka nimechoka.

Fundi wa Zipu:
Penseli imedondoshwa hiyo. Ikianguka sakafuni ule mstari mweusi wa ndani unavunjika vipande wakati mbao kwa nje nzima kabisa. Kwa hiyo ukichonga unakutana na kilichovunjika tayari, kichongeo unakionea bure. Mwambie aache kuitupia juu na kuidaka.

Raba Nyeupe:
Ahsante fundi. Yani nimegombana na muuza vichongeo bure.

Shemeji wa Wote:
Eti kale kamtoto kangu kanakula penseli kabisa, nilishaambiwa ile nyeusi ya ndani ni madini ya risasi, yana sumu, nikawa silali.

Fundi wa Zipu:
Lala shemeji. Sio risasi, ni grafaiti imechanganywa na udongo. Ila kula penseli sio tabia, hilo nalo liangalie.

Mleta uzi:
Jamani turudi kwenye begi. KIDOLE KIMOJA. Mmeelewa lakini uzito wa jambo? Begi lina madaftari yote na mkebe na chupa ya maji na yeye kaliinua kwa kidole cha mwisho. Hicho kidole kina nguvu gani?

Napita_Tu:
Hapo sasa unamsifia.

Chaki Mkononi:
Mimi ni mwalimu (sio huyo mnayemsema, na hata ningekuwa yeye nisingesema). Hebu na sisi tusikilizwe. Nyie mnalalamika begi limechekwa, mimi wiki ya kwanza nakuwa na mabegi yanayofanana kumi hayana jina hata moja, nakuwa na masweta yanayofanana, kila mtoto analia "la kwangu", na mama mmoja anakuja kuniambia "la mwanangu ni lile la bluu". Mama, YOTE ni ya bluu! Bora begi la babu, linajulikana hata likiwa gizani.

Foleni Ndefu:
Mwalimu umemaliza. Begi la babu halipotei.

Mleta uzi:
SIO LA BABU.

Chaki Mkononi:
Na kingine, mnatuletea watoto wamelala macho wazi. Likizo nzima mtoto analala saa sita za usiku na simu kifuani, halafu siku ya kufungua mnamwamsha alfajiri mnategemea nini? Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale jumla ya masaa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja. Anzeni kumrudisha mapema kidogokidogo, leo dakika 15, baada ya siku kadhaa dakika 15 nyingine, wiki mbili kabla ya kufungua. Nyie mnataka yote yatimie usiku mmoja, mtoto analazwa saa mbili anakodolea dari macho, mama naye amesimama mlangoni na mwiko.

Mama Pacha:
Mwalimu kwa kuwa umejitokeza mwenyewe, nina swali na naomba jibu la mkato. RIMU. Zinaenda wapi?

Napita_Tu:
Eheee. Sogeza kiti.

Mzee wa Orodha:
Swali la miaka yote hilo. Rimu moja karatasi 500. Darasa la watoto 40, kila mtoto rimu moja, hizo ni karatasi 20,000. Mwanangu msimu mzima kaja nyumbani na karatasi za mtihani nne, na moja ilikuwa imechapwa pande zote mbili. Mwalimu tunaomba hesabu ya zilizobaki, tuna muda.

Chaki Mkononi:
Nina kikao, narudi.

Shemeji wa Wote:
Hajarudi huyo. Mtazeeka hapa.

Mama Pacha:
Kikao saa hizi za usiku!

Kichongeo Butu:
Kaenda kikaoni na rimu yake.

Bega la Kulia:
Mimi nimesoma uzi wote na naona mmekimbia jambo la maana. Uzito wa begi. Wataalamu wengi wanashauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 20 ina maana kilo 2 mpaka 3, basi. Sasa wa kwangu nilimpima na begi na bila begi, lilikuwa kilo 5 na ushee. Nikalifungua. Vitabu vya siku zote za wiki, chupa mbili za maji, na JIWE. Jiwe kabisa. Namuuliza la nini ananiambia ni rafiki yake.

Foleni Ndefu:
Huyo mtoto apewe maua yake.

Bega la Kulia:
Jiwe bado lipo, nikilitoa analia. Ila vitabu sasa vinaenda kwa ratiba ya siku, vizito vinakaa nyuma kabisa vigusane na mgongo, na mikanda yote miwili mabegani, sio ule mtindo wa bega moja.

Mleta uzi:
Mnaona? Begi la mwanangu ni jepesi ndo maana kaliinua kwa kidole kimoja! Ina maana nilipanga vizuri! Ilibidi nipongezwe pale mezani, sio kuchekwa! Mwenye namba ya mkuu wake anitumie PM.

Kichongeo Butu:
Kwa hiyo kidole kimoja sasa ni ushahidi wa upande wako. Mahakama imechanganyikiwa.

Soksi Moja:
Samahanini nimechelewa kuingia, hivi viatu mnanunua vikubwa kwa kiasi gani? Mume wangu kanunua saizi mbili juu, anasema "atavikulia". Mtoto akitembea unasikia makofi. Akikimbia kiatu kinafika kabla yake.

Mama Pacha:
Huyo mume wako ni ndugu na wa kwangu.

Fundi wa Zipu:
Avae na soksi zake za shule, asimame (sio akae), halafu bonyeza mbele ya kidole kirefu. Nafasi ya upana wa dole gumba la mtu mzima inatosha. Zaidi ya hapo anajikwaa na kisigino kinachubuka. Na mpime jioni, miguu huwa imevimba kidogo baada ya kutwa nzima. Miguu yote miwili maana mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, fuata ule mkubwa.

Soksi Moja:
Nimempimia sasa hivi amelala. Vinaingia vidole gumba vitatu. Naenda kumwamsha mwenye kauli ya "atavikulia".

Shemeji wa Wote:
Tuletee matokeo.

Mleta uzi:
Sawa. Sasa huyu wa kidole, nimwandikie barua au nimfuate kesho kutwa akiwa peke yake?

Raba Nyeupe:
Fundi samahani tena, wino wa kalamu kwenye shati jeupe unatokaje? Shati jipya halijaenda shule hata siku moja, kachora humo humo ndani wakati anajaribu kama kalamu inaandika.

Fundi wa Zipu:
Usilifue kwanza na usipige pasi, moto utaukaza. Weka kitambaa safi chini ya doa, chukua spiriti au hata ile jeli ya kusafishia mikono, dondoshea, gandamiza na pamba, usisugue kwenda na kurudi maana utautandaza. Badilisha pamba kila ikichafuka. Ukiona pamba haichukui tena wino ndo ufue kawaida. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Raba Nyeupe:
Unatoka!!! Fundi unatoka! Ila sasa kuna duara la bluu hafifu limebaki.

Fundi wa Zipu:
Rudia, bado unao. Shati ni pamba au ni hili la kuteleza?

Mama Pacha:
Na wa marka pen je? Wangu kaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, mgongoni kwa mwenzake.

Napita_Tu:
Kwenye sare?

Mama Pacha:
Ngozi.

Chaki Mkononi:
Nimerudi kutoka kikaoni. Tulikuwa wapi?

Mzee wa Orodha:
Karatasi 20,000 mwalimu. Anza kuhesabu.