Mrejesho: bima ya kinanda changu

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa pili niliuliza kama mpiga kinanda wa bendi za harusi, asiye na mwajiri, anaweza kukatia bima vyombo vyake. Asanteni wote, hata yule aliyenicheka.

Nilimfuata aliyesema nianze na orodha: kila chombo, namba yake ya nyuma, picha na risiti. Leseni ya wakala wa bima niliihakiki TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kabla ya kutoa hela. Kampuni mbili za kwanza hazikunielewa kabisa ("ya gari?"). Ya tatu ikanipa bima ya hatari zote, inayokifuata chombo hadi ukumbini. Ampu (kikuza sauti) ya mtumba niliyoinunua Kariakoo bila risiti waliikataa.

Sasa mtihani wenyewe. Tukitoka harusini Sinza, kinanda kilidondoka kwenye bajaji, vibonyezo vinne vikavunjika. Niliwapigia usiku uleule, kesho yake nikapeleka picha na makadirio ya fundi. Fundi alitaka 420,000. Nimelipwa 290,000, maana walikata uchakavu na ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa ambao sikuusoma. Na humohumo: kikiibwa ndani ya gari lisilo na mtu, bila dalili ya kuvunjwa, hulipwi.

Bima ya afya ya bendi nzima, ushauri wenu wa pili, imekwama. Wanne tumeshachanga, wapiga ngoma wawili wanasema mwezi ujao, tangu mwezi wa tano.